Hatuchelewi kwa Uvivu

Pita kwenye meza za wauza vitabu pale Posta, Dar es Salaam, au kandokando ya barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, utayakuta mahubiri yale yale yamepangwa kwa rangi mbalimbali. Amka saa kumi na moja alfajiri. Gawa siku yako vipande vya nusu saa. Ua uvivu, punguza usingizi, waache wenzako nyuma. Kitabu cha Robin Sharma cha mwaka 2018, kile kinachowasifu wanaoamka saa kumi na moja, kimenakiliwa na kunakiliwa hadi herufi zimefifia, na bado kinanunuliwa. Katika kumbi za hoteli wahamasishaji wetu wanayarudia hayo kwa Kiswahili na kuongeza la kwao: kwamba Mwafrika ni maskini kwa sababu hajui thamani ya muda. Mtu anayasema haya saa nne na nusu, kwenye semina iliyotangazwa kuanza saa tatu.

Hoja yao, tukiitendea haki, ni hii. Muda ni mali, na mali isiyosimamiwa hupotea. Anayeusimamia vizuri atamaliza yote yanayompasa na kubaki na ziada ya kustarehe. Kwa hiyo anayechelewa, anayelemewa, anayelala na viporo vya kazi, ana upungufu wa nidhamu, na tiba yake ni kubanwa zaidi. Mimi nasema ugonjwa wameukosea, na tiba yao ndiyo inayouzidisha.

Kwanza tumalizane na kauli wanayoipenda kuliko zote, kwamba maskini na tajiri wote wamepewa saa 24. Si kweli. Tajiri wa Masaki ana saa 24 zake, na juu yake ana saa za dereva anayemsubiri garini, za mlinzi anayekesha getini, za mpishi, na za dada anayewaogesha watoto na kuwasindikiza hadi basi la shule. Ukizijumlisha, siku yake inazipita saa 24 kwa mbali. Yule dada aliyeamka kabla ya wote, siku yake imebakiwa na saa ngapi zilizo zake mwenyewe? Na kama kuamka alfajiri kungekuwa ndiyo siri, benki za nchi hii zingekuwa mali ya akina mama wanaoshuka soko la samaki la Feri kabla jua halijachomoza. Hili limeshasemwa na wengi, wala si hapa ninapotaka kukaa.

Nataka kukaa kwa fundi cherehani.

Kila mtu ana fundi wake muongo. Unampelekea kitenge wiki tatu kabla ya harusi. Anachukua vipimo na kuviandika kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, urefu. Anapokea nusu ya malipo, kisha anakwambia njoo Ijumaa bila hata kupepesa macho. Ijumaa unakikuta kitenge palepale kwenye rundo, hakijaguswa na chaki. Jumatatu kimekatwa. Siku ya harusi yenyewe umesimama kibarazani kwake umeshaoga, yeye anapinda upindo wa mwisho na kijana wake anatia pasi moto, na wote watatu mnajifanya kwamba hili limetokea kwa bahati mbaya.

Wahamasishaji wakimwona huyu wamepata mfano wao: mtu asiyejali muda. Lakini mtazame vizuri. Idi ikikaribia anafungua saa mbili asubuhi na kufunga usiku wa manane. Umeme ukikatika anahamia cherehani ya miguu na kuning'iniza tochi ya simu juu ya sindano. Kwa uchapakazi anawashinda wote wanaomsema. Kosa lake limo kwenye daftari. Ana uwezo wa kushona magauni manne kwa siku, na Ijumaa hiyo moja amewaahidi watu kumi na mmoja. Kila aliyeingia alikuwa na lake: huyu jirani, huyu shemeji, huyu kaja na pesa taslimu na mwenye fremu anadai kodi. Hakuna aliyeambiwa hapana. Wateja saba kati ya hao walidanganywa siku ileile waliyopokelewa, kabla uzi haujatungwa.

Hapo ndipo ninapogombana na mafundisho haya. Kuchelewa kwetu, kwa sehemu kubwa, hakutokani na kuudharau muda. Kunatokana na kuuahidi muda mmoja kwa watu wengi. Mchelewaji na yule anayekimbizana na ratiba ya nusu saa nusu saa ni ndugu wa baba mmoja, maana wote wawili wanaamini siku ina nafasi ya kila kitu. Mmoja anaamini hivyo kwa sababu hawezi kukataa, mwingine kwa sababu amenunua kitabu.

Yuko fundi mwingine, Magomeni, ambaye Ramadhani ikifika nusu hubandika karatasi mlangoni: kazi za Idi zimefungwa. Watu humlaani. Anakuja mteja wa miaka mingi na kitambaa chake mkononi, anabembeleza, anataja undugu, anaondoka akinung'unika. Sikukuu ikifika, wale aliowapokea wamevaa. Nilimuuliza kama haoni kwamba anafukuza riziki. "Kaka," aliniambia, macho yakiwa kwenye mshono, "pesa ya nguo ambayo huwezi kuimaliza si pesa yako. Hilo ni deni la watu." Hashoni kwa kasi kuliko yule wa kwanza, na kwa kweli mishono yake ni ya kawaida tu. Ameikubali hesabu ambayo mwenzake anaikwepa, basi.

Mtetezi wa tija atajibu haraka: mpe yule wa kwanza mashine ya umeme yenye kasi, ashone zote kumi na moja. Haya, mpe. Baada ya miezi miwili ataahidi ishirini na tano.

Tumeshaliona hili kwenye reli. Kabla treni ya umeme ya SGR haijafika Dodoma katikati ya mwaka 2024, ofisa wa Dar es Salaam aliyeitwa kikaoni makao makuu alipanda basi asubuhi, akaumia mgongo kutwa nzima, akalala Dodoma, akaingia kikaoni kesho yake. Sasa safari ni ya saa nne, au pungufu. Zile saa zilizookolewa alikabidhiwa nani? Kikao kinaitishwa leo jioni kwa ajili ya kesho. Ofisa anapanda treni ya alfajiri, anakaa kikaoni, anarudi na ya jioni, na kesho kutwa saa mbili asubuhi yuko mezani kwake, kwa kuwa kisingizio cha uchovu wa safari kimefutwa. Reli siisemi vibaya. Ni katika vitu vizuri tulivyojenga, na kukaa dirishani treni ikipita chini ya milima ya Uluguru ni raha tupu. Ninachosema ni kwamba saa zilizookolewa hazikwenda nyumbani kwa yule ofisa. Zilichukuliwa na mwenye mamlaka ya kuitisha vikao.

Au chukua simu. Kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwezi Machi 2007, kutuma pesa kijijini ilikuwa shughuli. Unamtafuta msafiri unayemwamini, au unampa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Kwa kuwa ilikuwa shughuli, ndugu waliomba kwa nadra na kwa sababu nzito. Leo ni kubonyeza tu, na maombi yamekuwa ya kila wiki: ada, dawa, mchango wa msiba, mchango wa kipaimara, "na ya kutolea usisahau". Tumeokoa safari ya stendi na kupewa ofisi nzima ya fedha ya ukoo, inayofunguliwa hata usiku wa manane. Mchumi wa Uingereza William Stanley Jevons aliliona jambo la namna hii mwaka 1865 kwenye makaa ya mawe: mashine za mvuke zilipojifunza kutumia makaa machache, nchi ilizidi kuyachoma. Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, alionyesha mwaka 1983 kwamba mashine za nyumbani hazikumpunguzia mama kazi, kwa kuwa viwango vya usafi vilipanda pamoja nazo na wale waliokuwa wakimsaidia wakajiondokea.

Na tija yenyewe, hii inayohubiriwa siku hizi kama tabia njema, ina kwao. Mmoja wa wazazi wake ni mhandisi Frederick Winslow Taylor, aliyesimama na saa mkononi nyuma ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya Pennsylvania, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 anasimulia kwa fahari habari za mbeba chuma mmoja wa kampuni ya Bethlehem. Watu wa kazi hiyo walikuwa wakipakia tani 12 na nusu kwa siku. Huyu akapangiwa kila hatua, lini anyanyue, lini atembee, lini apumzike, na akafikisha tani 47 na nusu. Ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Piga hesabu: mzigo umekaribia mara nne, malipo hayakufika hata mara mbili. Wanahistoria wameitilia shaka simulizi hiyo, lakini hata tukiichukua kama mwenyewe alivyoiandika, imekiri kila kitu. Muda uliookolewa kwenye mgongo wa yule mtu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Tofauti ya leo ni kwamba msimamizi hahitajiki tena. Saa tumepewa tuishike wenyewe, tusimame nyuma ya migongo yetu wenyewe, na tulipie kiingilio cha semina ya kufundishwa jinsi ya kuishika.

Huku kwetu somo hili lililetwa na wakoloni, na wapo waliolikataa kwa akili timamu. Bandari ya Mombasa kabla ya miaka ya 1950 iliendeshwa na vibarua wa siku. Meli hazikuja kwa mpangilio. Wiki hii gati zimejaa, wiki ijayo hakuna kitu, kwa hiyo waajiri wenyewe walipenda watu wa kuchukua na kuacha. Makuli nao wakaugeuza mtindo huo kwa faida yao. Kazi ya gatini ililipa vizuri kuliko vibarua vingine vya mjini, na ililipwa siku hiyohiyo. Mtu alibeba magunia siku kadhaa, akapata alichokihitaji, kisha akarudi kwenye minazi yake, uvuvini, au kwenye biashara yake ndogo. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kitabu kizima kuhusu bandari hiyo mwaka 1987, anaonyesha jinsi maofisa walivyokereka. Watu hawa, kwa macho ya serikali, walikuwa wavivu, wazururaji, hatari kwa mji. Baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, uliousimamisha mji kwa karibu wiki mbili, hamu ya kuwapanga ilizidi. Likaja daftari la waliosajiliwa, ikaja idadi ya siku za kutimiza kila mwezi, na asiyetimiza akafutwa.

Sitaki kuyapamba maisha yao. Kodi za vyumba ziliwatafuna, na mgomo wenyewe ulidai ujira, haukudai mapumziko. Lakini angalia walichokuwa wakifanya kabla ya daftari. Walihesabu siku zao, wakaamua ngapi waziuze na ngapi wabaki nazo. Hicho hasa ndicho wahamasishaji wanachosema Mwafrika hajui kukifanya. Waliitwa wavivu kwa sababu ya zile siku walizobaki nazo. Hakuna aliyewaita hivyo walipokuwa na gunia begani.

Sasa lipo kundi jingine, linalojidhania liko upande wangu. Hawa ni wa haraka haraka haina baraka. Watakwambia mzungu ana saa, sisi tuna muda. Kwamba utulivu ni utamaduni wetu, na kuchelewa ni namna ya hekima. Hawa nawaogopa zaidi, kwa kuwa wanamsamehe fundi muongo kwa jina la mila. Pole pole wanayoisifu imeshageuka bidhaa. Nenda Kilimanjaro uone: mtalii anapanda huku akiambiwa pole pole, pole pole, na fulana yenye maneno hayo ataikuta ikiuzwa akishuka. Pembeni yake wanapita wagumu, wapagazi wa mlima ule, wakiwa na mizigo ya hadi kilo 20, mwendo wa kukaribia mbio, kwa sababu hema na chai lazima vimtangulie mgeni kambini. Polepole ya mmoja imelipiwa na haraka ya mwingine. Na wale wanaomtaja John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyeandika mwaka 1969 kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazina wakati ujao wa mbali, wasome pia majibu ya wanafalsafa wa Kiafrika waliompinga. Mimi nitawaonyesha tu mkulima wa Tanga anayepanda mnazi mrefu akijua atasubiri miaka sita au zaidi kabla ya kuangua dafu la kwanza.

Pingamizi ninaloliheshimu linatoka kwingine. Linasema: kukubali ukomo wa muda ni anasa ya wenye mishahara. Kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba anatakiwa apeleke hesabu kwa bosi kila siku, mara nyingi shilingi 10,000 au karibu na hapo, mvua inyeshe isinyeshe, bado hajatia mafuta wala hajala. Huyo utamwambia nini kuhusu kuchagua?

Nitamwambia kwamba mafundisho ya tija yamemdanganya kuliko mtu yeyote. Anaambiwa aongeze saa mbili barabarani. Anaongeza. Wenzake wa kijiweni nao wameambiwa hivyohivyo, nao wameongeza. Abiria wa Mbagala hawaongezeki kwa sababu madereva wamelala kidogo. Wanagawanywa tu kwa vichwa vilevile, usiku zaidi, na watu waliochoka zaidi. Mahali uchovu huo unapoishia wanapajua wauguzi wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Shida ya kijana huyu haiko kwenye ratiba yake. Iko kwenye ile hesabu ya kila siku, nani aliipanga na kwa nini haishuki hata siku ya mvua, na hayo hayatatuliwi na mtu mmoja kuamka mapema. Yanatatuliwa na kijiwe kizima kukaa chini na wenye pikipiki, au kuunda chama cha kununua zao. Anayemhubiria kijana huyu nidhamu ya muda anamfichia mahali penye mzozo.

Halafu kuna wanaolikuza pingamizi hilo hadi la taifa. Nchi maskini, wanasema, haina ruhusa ya kukaa. Nyerere mwenyewe alisisitiza kwamba wengine wakitembea sisi hatuna budi kukimbia, na kaulimbiu zetu, tangu Uhuru na Kazi ya mwaka 1961 hadi Hapa Kazi Tu ya mwaka 2015, hazijawahi kutupa mapumziko. Ni kweli. Lakini mtu huyohuyo, mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alitoa hotuba tunayoijua hadi leo kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Ujumbe wake haukuwa wa kukimbia. Ulikuwa kwamba mambo mema ni mengi kuliko uwezo wetu, na kulichukua moja ni kuliacha jingine ambalo nalo ni jema. Sijui kauli ya kisiasa ya nchi hii inayonukuliwa sana na kutiiwa kidogo kama hiyo. Serikali yake yenyewe iliivunja. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, lengo la kila mtoto kuingia shule ya msingi lilivutwa kutoka mwaka 1989 hadi mwaka 1977. Madarasa yakafurika, na walimu wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, wakaandaliwa mbiombio, wengine wakiwa wametoka tu kumaliza darasa la saba. Sitasema lilikuwa kosa tupu. Wapo maelfu ambao bila mbio zile wasingeshika kalamu. Ila bei yake ililipwa darasani kwa miaka mingi, na haikuwa imetangazwa wakati wa kuahidi.

Mwandishi wa Uingereza Oliver Burkeman aliandika kitabu mwaka 2021 kuwakumbusha watu kwamba anayejaliwa miaka 80 amepata wiki kama 4,000 tu. Kwa hali ya kwetu hesabu hiyo ni ya kujipendelea. Miaka 65 ni wiki 3,400 hivi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga tarehe 1 Januari 1909 na kufariki Juni 1962, hakufikisha hata 2,800, na katika hizo alianza ukarani wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 na kuendelea nao kwa miaka mingi. Najua wahamasishaji watamnyakua: tazameni, karani mwenye vitabu zaidi ya 20, huyo alijua kutumia muda! Basi tazameni na upande wa pili. Alipofariki aliacha miswada. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Mtu mwenye tija kuliko wote katika fasihi yetu aliondoka kazi zikiwa mezani. Kwa kipimo cha vitabu vya pale Posta alishindwa, maana hakumaliza. Hakuna msomaji wa Kiswahili anayemwona hivyo, na nadhani hapo tunajua zaidi kuliko tunavyokiri: kwamba kumaliza yote hakukuwa kipimo kamwe.

Wahubiri wa dini nao wameingizwa kwenye biashara hii. Sura ya 103 ya Qurani inaapa kwa zama na kumtangaza mwanadamu kuwa hasarani; Zaburi ya 90 inaomba tufundishwe kuzihesabu siku. Zote mbili nimezisikia zikitumiwa kuuza ratiba. Lakini kinachomtoa mtu hasarani katika sura ile ni imani, matendo mema, na kuusiana haki na subira. Na zaburi ile inahesabu siku kwa kuwa ni chache, ili moyo upate hekima. Sikuona mahali palipoahidiwa kwamba zikihesabiwa vizuri zitatosha.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kupunguza ahadi, na gharama yake sitaificha, kwa kuwa inalipwa kwa watu halisi. Simu yako ina makundi ya WhatsApp ya kamati tatu za harusi, moja la msiba uliokwisha ambalo halivunjwi, la wazazi wa darasa la nne, la waliosoma pamoja, na la kazini linaloamka saa tatu usiku. Ukijitoa kwenye kamati ya mtoto wa binamu yako, hata ukiacha mchango wako kamili, utasemwa. Anaringa. Amepata vijisenti. Shangazi atanyamaza kwenye simu ule unyamavu wake. Na huenda ana haki, kwa maana ulichomnyima ni kitu alichokihitaji kweli. Vitu tunavyolazimika kuviacha ni vizuri, vibaya tungeshaviacha zamani bila kuandikiwa makala. Vitabu vya tija vinapendwa kwa sababu vinatuahidi kwamba hatutalazimika kamwe kumwambia shangazi hapana. Mimi naona ni afadhali kumwambia mapema, mwezi mzima kabla, kuliko kumwambia ndiyo halafu umwache anahesabu viti vitupu ukumbini.

Kazini ni pagumu zaidi, na hapo ushujaa wa mtu mmoja mmoja hauendi mbali. Lakini sheria ipo. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na kumpa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Kila ofisi ina mtu anayejisifu kwamba ana miaka mitatu hajaenda likizo, na wenzake, badala ya kumhurumia, wanamwonea wivu au wanamwogopa, naye bosi anamtaja kwenye vikao kama mfano. Mimi ningeanzia na hizo siku 28. Barua ya kuziomba ni ya mistari mitatu, na haina haja ya kueleza utazifanyia nini.